Mnong'ono wa Muuza Mitumba

Sauti yangu haina mshindani. Ninauza nguo za mitumba sokoni, na nikinadi blauzi upande huu, mtu wa ng'ambo ya barabara anageuka akidhani nimemshika bega. Ndiyo kazi yangu, na ndiyo iliyonivunjia ndoa. Mume wangu wa kwanza alibeba begi lake akasema hawezi kuishi ndani ya spika. Spika, mimi! Basi nikaapa: nikipata wa kunipenda tena, huyo hatanisikia.

Maktaba ya manispaa iko nyuma ya soko letu. Siku ya kwanza niliingia kupumzisha miguu tu. Jiji hili ukikaa mahali lazima uulizwe unanunua nini. Mkahawani mhudumu anakukodolea macho mpaka chai inakupalia. Maktabani hakuna anayekuuliza kitu. Wastaafu wanagombania magazeti kwa macho tu, vijana wanatafuta kazi kwenye kompyuta, kina mama wanawasomea watoto hadithi, na fundi viatu wa pale kona amelala fofofo, kamusi kifuani. Nikasema, lo, kumbe jiji nalo lina sebule!

Na sebule ilikuwa na mwenyewe. Mkutubi, mrefu, mpole, miwani imeteleza hadi ncha ya pua. Nikamwomba kitabu cha mapishi kwa kunong'ona, akaniletea vitatu. Kesho yake nikarudi. Keshokutwa nikarudi. Dada yangu akaniuliza, "Wewe mtu mzima, tangu lini unasoma?" Nikamwambia elimu haina mwisho. Akacheka mpaka akashika ukuta, eti elimu gani hiyo inapakiwa wanja?

Miezi ikapita, mimi nanong'ona tu. Kazi yangu nilimwambia ni "biashara ndogondogo". Nikitoka pale koo linaniwasha kwa maneno niliyoyameza, na moyo unarukaruka kama wa msichana. Mnicheke msinicheke, nilikuwa nimependa.

Ijumaa iliyopita nikapeleka vitabu mezani kwake. Akavigonga muhuri kimoja kimoja, taratibu, halafu akajigonga muhuri kwenye kiganja chake mwenyewe. Hata hakuona. Akainama karibu yangu.

"Dada, mimi sina maneno mengi," akanong'ona. "Nataka kukuoa. Unasemaje?"

Nilikusudia kunong'ona. Haki ya Mungu nilikusudia! Lakini furaha haina breki, jamani.

"NAKUBALIIII!"

Vioo vya madirisha vilitikisika. Fundi viatu akakurupuka akiuliza moto uko wapi. Wastaafu wakasema "shhh!" kwa pamoja, kina mama wakasahau walipo wakapiga vigelegele, na mtoto mmoja akaanza kushangilia bila kujua anashangilia nini. Mimi nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Kwisha habari yako, mwanamke, nikajiambia. Umejimaliza mwenyewe.

Mkutubi akasimama, uso mkavu, akanyoosha kidole mlangoni.

"Anayepiga kelele hutoka," akasema. "Sheria ni msumeno."

Akanisindikiza mbele ya watu wote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na wanja wangu.

Tulipofika barazani akavua miwani. Machozi yalikuwa yakimtoka, mabega yanamtikisika. Nikamtazama vizuri: mtu anacheka!

"Kumbe sauti unayo!" akasema, na hiyo yake pia ndiyo kwanza niliisikia, nene, ya kujaza baraza. "Miezi yote hii nilidhani unaumwa koo. Kila kitabu cha magonjwa ya koo kilichomo humu nimekimaliza. Nilishajiandaa kukuuguza maisha yangu yote."

Wa kwanza alinikimbia nikiwa mzima. Huyu alikuwa radhi kunioa mgonjwa. Nikalia pale pale barazani, na sikujibana hata kidogo, mpaka huko sokoni wakaanza kuulizana nani kafiwa.