Maneno ya Mpingo

Polikarpo alikuwa mwana wa Albano, na Albano mwana wa Marselino, wachongaji wa Newala ambao hakuna hata mmoja wao aliyepata kuitwa barazani kwa wizi wala kwa uongo. Katika damu hiyo hiyo njema, daktari alisema, umo ugonjwa adimu: wachache huzaliwa nao, wakakua bila kauli, mikono yao isitulie. Yustina, mjukuu wa Polikarpo, alikuwa mmoja wao.

Tangu utotoni, kila alipoumwa, binti huyo alijigonga kichwa ukutani. Ndipo babu yake, uani kwao Manzese, mjini walikohamia, akamchongea maneno ya mpingo: kikombe kwa kiu, mkeka kwa usingizi, ngumi kwa maumivu, tumbo, sikio, jino. Miaka ikapita Yustina akishika neno moja moja tu. Asubuhi hii aliiweka ngumi chini. Vidole vikahangaika, vikatapatapa, vikalivuta tumbo la mpingo hadi kando ya ngumi.

"Tumbo linakuuma!" Mzee akasimama, akaketi, akasimama tena. "Umesema, mama! Twende zahanati."

Alikuwa akitafuta koti lake, ndipo Hija, katibu wa ushirika wa wachongaji, akaingia na mgambo wawili. Ulikuwa mwaka wa msako wa walanguzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nina mgonjwa."

"Hatukawii. Vinyago vyote huuzwa kwa ushirika, ndugu. Hivi mbona umevificha?"

"Haviuzwi. Ndiyo kauli ya mtoto."

Mgambo mmoja akaangua kicheko. "Basi na mie nichongee matusi, babu, nimpelekee mama mkwe!"

"Kila mlanguzi ana ngano yake," alisema Hija. "Wazungu hupenda vidogo kama hivi. Tia guniani."

"Niachie viwili tu. Ngumi na tumbo. Afike navyo kwa daktari."

Hija akaiokota ngumi, iliyong'aa kwa kushikwashikwa, akaigeuza kiganjani.

"Kazi safi," alisema, akaitia mfukoni mwake.

Yustina akapapasa mkeka aliokalia, mtupu sasa, mara huku, mara kule. Kisha akajiburura hadi ukutani. Du. Du. Du.

Polikarpo akaingiza kiganja chake kati ya kichwa na ukuta. Mgambo walikwisha kufika mlangoni. Guniani mpingo uligongana.

"Nyie vijana!" aliita. "Rudini. Ketini hapa mmsikilize!"