Kitako Kilichotiwa Gundi

Kaka yangu Oddvar alijaza soksi vipande vya risasi vya mshipi wa kuvulia samaki, akaifunga kwenye kitako cha bunduki yake, akaja nayo jikoni kwangu ili nimsifu. Soksi ilikuwa ya sufu, nyekundu, ya marehemu mkewe. Akailaza bunduki juu ya kidole kimoja, mbele kidogo ya magazini, kama tunavyopima siku zote, nayo ikatulia mpaka nikahesabu tatu. Kisha fundo likafunguka, risasi zikamwagika sakafuni, na mdomo wa bunduki ukashuka moja kwa moja kwenye bakuli langu la viazi.

"Kidogo tu ingetulia," akasema.

"Okota," nikasema.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mtutu wa Oddvar ni mnene na mzito, aliununua enzi zile akishindana kulenga shabaha. Mwezi wa sita daktari wa masikio akamwambia achague, ama afunge kipunguza mlio ama ajiandae kuishi bila kusikia ndege. Akafunga. Basi mbele kabisa ya mtutu mzito pakaning'inia chuma cha karibu nusu kilo, na nyuma yake kikabaki kile kitako chepesi cha mti wa jozi alichokichonga baba yetu. Bunduki ikawa inainama kama punda anayenywa maji. Bega la kushoto la Oddvar lina miaka sitini na minane na limebeba magogo maisha yake yote. Likishika uzito ule mbele, linaanza kutetemeka kabla hajavuta pumzi ya pili.

Hapa kwetu Rendalen mtu haendi kuwinda elgi, yule mnyama wa msituni mkubwa kama farasi mwenye pembe pana, bila cheti cha mwaka. Risasi tano, mita mia moja, zote ndani ya duara. Oddvar alikuwa ameshindwa mwezi wa nane, akashindwa tena wiki iliyofuata. Na kiongozi wa kikosi chetu cha uwindaji ni mimi, Torunn, dada yake. Mimi ndiye ninayegawa nafasi msituni. Nafasi ya sita, ukingoni mwa kinamasi cha Svartmyra, ilikuwa ya baba, kisha ikawa ya Oddvar kwa miaka arobaini na mmoja. Bila cheti ningelazimika kulifuta jina lake kwa kalamu yangu mwenyewe, na nilijua wazi kwamba tangu mkewe Gerd afariki mwezi wa pili, nafasi ile ndiyo kitu pekee alichokuwa bado anakitaka.

Kwa hiyo nikamburuta mpaka Koppang, kwa fundi wa bunduki Tollef.

Kabla sijaendelea, ni lazima niseme jinsi ilivyo kwenda dukani na kaka yangu. Masika yale nilimtuma akanunue jibini. Nikamsubiri garini dakika arobaini. Nilipoingia nilimkuta amesimama mbele ya friji ya jibini, kikapu kitupu mkononi, watu wanampita kushoto na kulia. Nikachukua jibini ya kwanza niliyoifikia, nikamfokea mbele ya mwenye duka. Tangu siku hiyo manunuzi yake nafanya mimi, na sifanyi kwa furaha.

Tollef alitandika vitako vitatu mezani. Ni mtu mpole, anayefuga nyuki, na siku ile aliihitaji subira yake yote.

"Hiki cha kwanza kina tundu la kidole gumba," akasema. "Mkono unakaa vizuri."

Oddvar akaingiza kidole, akakitoa. "Mbu akiniuma puani nitafungwa humu."

"Kuna baridi wakati wa kuwinda," nikasema. "Mbu gani?"

"Wapo wenye kuchelewa."

Cha pili kilikuwa cha aluminiamu, kinakunjwa. Oddvar akakikunja, akakikunjua, akakikunja. "Nitaonekana nimetoroka jeshini."

"Kwa umri wako wangekuacha utoroke," nikamwambia. Tollef akacheka, Oddvar hakucheka.

Cha tatu ndicho kilichofaa, na hata mimi nisiye fundi nilikiona. Kilikuwa cha mbao zilizogandishwa tabaka kwa tabaka. Sehemu ya shavu inapanda na kushuka, urefu unaongezwa na kupunguzwa kwa ufunguo mdogo, na ndani ya kitako mna nafasi ya vyuma viwili vya kurudisha uzito nyuma. Tollef akaifungia bunduki humo, akatia chuma kimoja, akapima juu ya kidole. Ikainama kidogo. Akatia cha pili. Ikatulia, na ikaendelea kutulia.

Oddvar akainama kuitazama. "Rangi yake ni ya mlango wa hospitali," akasema.

"Oddvar!"

"Nasema tu. Na cha baba je?"

"Cha baba utakitundika ukutani na utakitazama kila siku. Mchagua jembe si mkulima. Chukua hiki twende."

Tulikaa mle ndani muda wa saa mbili na robo. Alirudi kwenye cha kwanza, akarudi kwenye cha pili, akauliza kama kipo cha nne. Mwishowe sikumbuki nilisema nini, ila Tollef alitoka kwenda kutazama mizinga yake ya nyuki na aliporudi Oddvar alikuwa amenyamaza na amekishika kile cha rangi ya hospitali. Dukani palikuwa na joto. Akavua koti, akasimama na shati lake la miraba, na Tollef akampimia shavu na urefu mpaka jicho likakaa sawa nyuma ya darubini. Tukaondoka.

Wiki nzima hakunisumbua. Nilishukuru, wala sikujiuliza kwa nini.

Jioni ya mwisho ya mtihani kabla ya msimu ilikuja na mvua iliyochanganyika na theluji. Kila mtu uwanjani alivaa sweta nene na koti la kuwindia. Ingebrigt, msimamizi wa mtihani, alikuwa anakula andazi bapa lenye siagi na jibini ya kahawia chini ya paa la bati, na alipomwona Oddvar aliacha kutafuna.

"Safari hii?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Safari hii," nikasema, kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kusema.

Oddvar akaketi, viwiko juu ya magoti. Bunduki haikuinama. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita mdomo wake ulikaa pale alipouelekeza, nikahisi kifua changu kinafunguka. Akapiga tano. Ingebrigt akatazama. Tatu ndani, mbili nje.

"Kitako kinanasa kwenye koti," Oddvar akasema. "Kirefu. Na kwenye darubini naona kivuli cheusi kama mwezi mchanga upande mmoja."

Nilitaka kujipiga. Tulikipima akiwa na shati. Miaka yote hii ya kuwinda, wazee wazima watatu tumesimama kwenye duka lenye joto mwezi wa tisa, tukapima kitako cha kuwindia kwenye baridi kwa mtu mwenye shati. Lakini dawa ilikuwepo, tena nyepesi.

"Lete ufunguo," nikasema. "Tunakipunguza vidole viwili, unapiga tena. Una zamu moja bado."

"Haiwezekani."

"Umesahau ufunguo?"

"Ufunguo ninao."

"Basi?"

Akatazama buti zake. "Nimezitia gundi."

"Nini?"

"Skrubu. Zote. Ile gundi nyekundu ya kiwandani, isiyoachia."

Ingebrigt akageuka akatazama mvua. Mtu huyu alinisimamisha dukani saa mbili na robo, akatoa kroni elfu nane kununua kitako kinachorekebishika, kisha akaenda nyumbani akakifanya kisirekebishike. Nilimwambia hivyo hivyo, na sikumwambia kwa upole. Nilimwambia kwamba baba alizaa watoto wawili na akili ikaishia kwa mmoja. Nilimwambia kwamba nimechoka, nimechoka na jibini, nimechoka na soksi, nimechoka na yeye.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaweka bunduki chini, akavua koti. Akavua sweta. Akavua na shati la sufu. Akabaki na fulana ya ndani kwenye mvua ya theluji, mikono yake myeupe ikawa myekundu tukitazama.

"Sheria inaruhusu?" akamuuliza Ingebrigt.

"Sheria haisemi kitu juu ya fulana," Ingebrigt akasema. "Ila fanya haraka, mzee, usinifie hapa."

Akapiga tano. Zote ndani, na nne ungeweza kuzifunika kwa kikombe. Ingebrigt akasaini cheti kwa vidole vyenye siagi. Nami niliandika jina la kaka yangu kwenye nafasi ya sita, nikamwambia kabla ya ufunguzi ampelekee Tollef bunduki, azipashe moto zile skrubu, gundi ilegee. Akasema sawa. Alisema sawa mara mbili.

Asubuhi ya kwanza ya msimu kipimo mlangoni kwangu kilionyesha nyuzi sita chini ya sifuri. Tuliingia msituni kukiwa na mwanga hafifu, kila mtu nafasi yake, redio kimya. Saa mbili na dakika ishirini ukasikika mlio mmoja mfupi, uliobanwa, kutoka upande wa Svartmyra. Kisha sauti ya Oddvar redioni.

"Sita hapa. Dume. Yuko chini."

Sauti ilikuwa na kasoro. Meno yalikuwa yanagongana. Nikaacha nafasi yangu, nikakata kinamasini kwa mwendo ambao sijaenda tangu nilipokuwa na miaka hamsini.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda chake na fulana ya ndani. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Sweta, shati na koti vilikuwa juu ya kisiki, vimekunjwa vizuri, kona kwa kona. Mbele yake, hatua sitini hivi, elgi dume alilala ubavu, amekufa pale pale aliposimama.

"Tangu saa ngapi?" nikauliza.

"Nilimsikia anavunja matawi, nikavua. Basi akasimama kwenye miti nusu saa nzima. Singeweza kuvaa tena, angenisikia."

"Hukwenda kwa Tollef."

"Sikwenda."

Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Akanitangulia.

"Unakumbuka ile siku ya jibini?" akasema. "Gerd ndiye aliyekuwa anachagua, Torunn. Miaka arobaini na minne. Jibini, mapazia, rangi ya gari. Mimi nilikuwa nabeba tu. Siku ile kwa Tollef nilichagua kitu. Nikafika nyumbani nikaanza kukizungusha. Juu, chini, kirefu, kifupi. Usiku wa kwanza, usiku wa pili. Nikaona kama sitakifunga, nitazungusha mpaka nifike alipo yeye. Ndipo nikatia gundi."

Nilimwona tena amesimama mbele ya ile friji na kikapu kitupu, na nikajisikia ninavyomfokea mbele ya watu, na nikaona aibu ambayo sijapata kuiona maishani.

Nikachukua shati kisikini. Nikamvisha mkono mmoja, kisha wa pili, kisha sweta, kisha koti, nikamfunga vifungo hadi kidevuni. Hakubisha. Nikamwagia kahawa kwenye kifuniko cha chupa na nikamshikia, kwa kuwa mikono yake haikuweza.

"Jumatatu tunaenda kwa Tollef," nikasema.

Akaacha kunywa. "Kuchagua?"

"Hapana. Kuzilegeza tu zile skrubu, na wewe utakuwa umevaa koti hili hili. Urefu nitachagua mimi. Wewe utabeba."

Akavuta kamasi.

"Na jibini?" akauliza.

"Na jibini."