Utambi wa Nyuzi Kumi na Mbili

Jumanne, saa mbili asubuhi, Bibiane aliwasha mshumaa wa kwanza kwenye meza ya Kavira, mtaa wa Saio, baada ya kufunga dirisha ili upepo usiharibu jaribio. Mingine mitatu ilisubiri zamu yake. Kila mmoja ulikuwa ndani ya glasi yenye namba: tatu, sita, tisa, kumi na mbili. Namba hizo zilikuwa idadi ya nyuzi zilizosokotwa kwenye utambi. Nta ilikuwa moja, ya soya, iliyotoka Uganda kwa njia ya Mahagi ikiwa vipande vyeupe kama sabuni iliyokunwa. Mafuta ya kunukia nayo yalikuwa mamoja, ya mchaichai. Kilichojaribiwa ni utambi tu.

Utambi ukiwa mwembamba, nta huyeyuka katikati peke yake na mwali unazama humo. Ukiwa mnene, glasi inajaa masizi kama sufuria ya matanga. Unaofaa huyeyusha nta mpaka ukingoni kwa saa tatu, bila masizi. Hayo Bibiane alifundishwa na Kavira, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Butembo, mwanamke hodari mwenye huruma ya kiasi, aliyempa chumba cha nyuma na kazi hii, na ambaye hakuwahi kumwuliza mara mbili habari za watu wake.

Wiki ile tambi za dukani zilikwama njiani. Barabara ilikuwa imefungwa tena, ingawa amani ilikuwepo; redio ilisema hivyo kila jioni.

"Leta kitu ya pamba, tusokote siye wenyewe," Kavira alimwambia Bibiane, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Nailoni hapana, Mama Rebecca. Inanuka mubaya."

Bibiane alikuwa na kitu kimoja tu cha pamba tupu: kikwembe, kitenge alichokimbia nacho kutoka kijijini kwao, huko juu karibu na Kpandroma, miaka kumi na mitatu iliyopita. Hakukivaa tena wala hakukifua. Pamba ni pamba, alijiambia, akaanza kuchomoa nyuzi.

Namba tatu ilipowaka, baridi ya alfajiri ya Kpandroma iliingia chumbani. Ukungu ulitua mezani ukalowesha daftari. Mchaichai haukunukia hata kidogo. Palinuka uji wa mtama, kuni mbichi, na kichwa cha mtoto kilichotoka kupakwa mafuta. Kavira alivaa sweta.

"Inanuka asubuyi," alisema.

"Asubuyi ya kwetu," Bibiane alijibu. "Ya ile siku."

Kigoda kilichokuwa pembeni kilipata joto, kama kinavyopata mtoto akikikalia, wa miaka sita kama Rebecca wa siku ile. Bibiane aliweka kiganja juu yake. Baada ya dakika ishirini mwali ulizama kwenye nta, kigoda kikapoa, na Kavira akaandika kwamba utambi ni mwembamba mno.

Namba sita ilileta saa sita mchana. Jua liliangaza kona isiyo na dirisha, na palinuka maharage na mbuzi. Kuelekea mwisho palianza kunuka petroli, ambayo pale kijijini hakuna aliyekuwa nayo.

Namba tisa ilikuwa nyasi za paa zikiungua. Majivu yalianguka kutoka darini, yakiwa bado na uvuguvugu. Bibiane alitoka, akasimama karibu na bomba la maji hadi yaishe. Alikuwa na chuki ya kumtosha mtu kuishi nayo maisha mawili, na hakujua aiweke wapi. Ndani, Kavira alifagia kwa hasira ya mtu aliyeharibiwa kazi.

"Sasa nitajua je masizi ya buji na masizi ya manyumba?" aliuliza, akiuonyesha mshumaa. Alikusanya majivu kwenye kopo la maziwa na kulitia chini ya kitanda cha Bibiane, kwa kuwa yalikuwa yake.

Namba kumi na mbili ilikuwa jioni. Mwali ulisimama wima. Nta ilifika ukingoni dakika tano kabla ya saa tatu, na glasi ilibaki safi. Palinuka udongo ulionyeshewa, nyama ya mbuzi ya kuchoma, sigara za minti na manukato ya karafuu ya mwanamume aliyekaa pale kwa muda mrefu, bila haraka.

"Hii ndio tutauzisha," Kavira alisema. "Haina moshi."

"Haina moshi juu hakukubakia kitu ya kuungua, yaya," Bibiane alimjibu, kama anayemjibu dada mkubwa.

Kavira alivuta daftari. Kisha aliandika: 12, inafaa.

Alhamisi alikuja mteja. Hippolyte aliwahi kuwa kamanda huko milimani, na sasa alikuwa kwenye kamati ya upatanisho, na koti lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Alinukia karafuu na sigara za minti. Kavira aliitazama meza. Mishumaa yote ilikuwa imezimwa. Bibiane alimletea mgeni kiti cha plastiki, kwa sababu mgeni hupewa kiti, na kile kigoda akakishika mwenyewe mkononi.

Mgeni alitaka mishumaa ya sherehe ya amani, mmoja kwa kila meza. Aliwashiwa yote, mmoja baada ya mwingine. Namba tatu ilimchosha. Namba tisa ilimwangushia majivu begani, akayapangusa bila kuangalia juu. Namba kumi na mbili ilimfanya afumbe macho.

"Hii naijua," alisema. "Ni miye huyu."

Kavira alimsogezea glasi.

"Inanikumbusha ujana yangu," aliendelea. "Weye mama, unatoka wapi?"

"Kule juu, upande ya Kpandroma."

"Kule kuko muzuri. Kuko mvua."

"Ile mangaribi ilinyesha," Bibiane alisema.

"Ee, ilinyesha sana," alikubali, kwa sauti ya watu wawili wanaokumbushana arusi. Aliagiza themanini.

Kavira alisema nyuzi hazitatosha. Hippolyte alikipima kwa jicho kikwembe kilichokunjwa kwenye rafu, akasema kitatosha, kisha akaondoka na walinzi wake. Kavira alifunga mlango.

"Naogopa kumukatalia," alisema. "Lakini kikwembe ni yako. Ukikataa, nitatafuta la kumuambia."

Bibiane alitaka kukataa. Kikwembe kile kilikuwa na asubuhi nyingi ndani yake, dakika ishirini ishirini, za kumtosha mpaka uzee. Lakini alifikiria ukumbi: mashirika, mapadri, wapasta, watu wa sheria, watu wa milima yake mwenyewe, na mezani pao mishumaa themanini ikinuka jioni ile, na mwenye harufu amesimama mbele yao. Mtu mmoja tu akisimama na kusema, ingetosha.

"Tufanye," alisema. Alichomoa nyuzi kwa siku tisa.

Sherehe ilikuwa Jumamosi mchana. Mishumaa iliwaka vizuri, hakuna hata mmoja uliotoa masizi. Harufu ya mvua na karafuu ilijaa ukumbini, na watu wa milimani waliitambua mara moja. Mmoja aliacha kutafuna, mwingine alimfunika mwanawe pua kwa kitambaa. Kisha sahani za kuku zilipitishwa. Bibi mmoja wa shirika alisema manukato ni ya kiasi, hayaumizi kichwa. Hippolyte alizungumzia msamaha kwa saa nzima, na Bibiane, aliyesimama karibu na mlango, alihesabu waliokwepa macho yake hadi alipochoka. Hawakuwa wamegundua kitu kipya. Walikuwa wanajua tangu zamani, kama yeye. Watu walipiga makofi, naye aliona mikono yake mwenyewe ikipiga, akaishusha.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, alifunga dirisha. Kikwembe kilikuwa kimebakiza nyuzi tatu. Alizisokota, akamimina nta, akasubiri igande, akawasha. Baridi iliingia, daftari likalowa, palinuka uji. Alikaa chini sakafuni, akaegemeza shavu kwenye kigoda na kuliacha hapo.

Dakika ya ishirini mwali ulizama. Bibiane aliinuka, akafuta ukungu kwenye daftari kwa mkono wa blauzi, na kwenye mstari wa namba tatu akaandika, kwa kuwa ndiyo kazi yake: haifai.