Siku Niliyomshinda Térence

Mwaka 1997 nilikuwa fundi wa nyavu hapa Ilagala, kando ya ziwa, na mtu wa drafti. Toka Mwandiga mpaka Buzebazeba hakuna aliyekaa mbele yangu akaondoka anacheka.

Chesi nilifundishwa na Térence, mwalimu kutoka Burundi. Alivuka ziwa kwa mtumbwi wa kwanza. Wa pili, uliombeba binti yake Ndayikunda, haukuonekana. Nilimpa chumba kwangu. Kila mtumbwi ulipofika alishuka mwaloni kuuliza, akarudi, akapanga kete alizozichonga mwenyewe juu ya ubao wangu wa drafti.

Alinifunga kila siku kwa ujinga wangu ule ule. Kwenye drafti kula ni lazima. Ukiacha kula unanyang'anywa kete. Mkono wangu ulizoea hivyo miaka ishirini. Térence aliniwekea askari, nikala. Akaniwekea farasi, nikala. Mara mfalme wangu hana pa kukanyaga.

“Mugenzi, rafiki yangu,” aliniambia, “hapa hulazimishwi kula.”

Nilinuna mpaka jioni, na kesho yake mimi ndiye niliyemwita.

Siku moja nilimuuliza anapendea nini mchezo unaochosha kichwa namna hii.

“Kule kwetu walitujia tukiwa mezani,” akasema. “Hapa adui anakaa, anasubiri nifikiri. Hanigusi mpaka zamu yangu iishe.”

Mimi mwenyewe, tangu mke wangu afariki, saa zile za ubao ndizo pekee nilizokaa bila kumkumbuka.

Kisha ikatangazwa: wakimbizi wote walioko vijijini waende kambini, lori litakuja Jumamosi. Kambini hakuna ziwa, na ukiingia hutoki bila kibali. Nilimsihi abaki, niseme ni shemeji yangu, maana Kirundi na Kiha chetu vinasikilizana.

“Nitakwenda siku utakayonifunga,” akasema.

Basi nikatulia. Ningemfunga lini mimi?

Ijumaa ukaja mtumbwi kutoka ng'ambo. Térence alizungumza na baharia mmoja muda mrefu, akarudi.

“Kuna habari?”

“Panga kete.”

Alicheza harakaharaka. Mara akamsogeza malkia wake mbele ya ngome yangu, peupe, bila mlinzi. Nilitafuta mtego, sikuuona. Mkono ukala wenyewe. Baada ya hatua tano mfalme wake alikuwa amefungwa, nami nikaita majirani, nikamtania mbele yao kama nilivyowatania wengine wote. Naona haya mpaka leo.

Térence alinipa mkono, akaingia chumbani, akaanza kukunja shuka yake. Nikamfuata.

“Baharia amesema nini?”

“Ule mtumbwi ulipinduka. Waliokuwamo wamezikwa ufukweni kule.”

“Na malkia ulinipa makusudi?”

“Nilijua utamla. Sikuweza kusema kwa mdomo wangu kwamba nimeacha kumngoja mtoto. Nilitaka nishindwe tu, niende.”

Hasira ilinipanda. Nje majirani walikuwa bado wanalitaja jina langu. Nikamwambia amenidhalilisha, ameniibia ushindi niliousubiri mwaka mzima, aende zake.

Akaenda kulala mwaloni. Asubuhi lori lilipokuja sikutoka kumuaga. Mtu alikuwa ametoka kusikia kwamba mwanawe amezikwa, na mimi, mwenyeji wake, sikumpa hata pole.