Vespa ya Seremala

Projestus alishika usukani, mimi nikashika kiti cha nyuma, na kati yetu vespa ikabingirika kimya, injini imezimwa, jua la asubuhi likiwaka kwenye rangi yake ya kijani iliyochakaa. Upande wa kulia, nyuma ya migomba, watu walikuwa wameketi juu ya majani makavu, na moshi wa moto wa matanga ulipanda taratibu. Tulipofika mahali ambapo uwanja wa wafiwa hauonekani tena, mume wangu alisimama, akavua kofia, akajifuta jasho, akapiga kiki. Ikakohoa. Akapiga tena. Ikakataa.

"Imenuna," akasema.

"Imechoka kusukumwa. Hata mimi nimechoka."

Alicheka bila kutoa sauti, maana bado tulikuwa karibu.

Huku kwetu Muleba, enzi zile, mtu akipita penye msiba akiwa juu ya baiskeli alishuka, akatembea hadi kibanja cha wafiwa, yaani nyumba na migomba yao, kiishe. Siku hizi vijana wa bodaboda wanapita muziki ukiwa juu, na Projestus, ambaye masikio yake yamekwisha, ndiye wa kwanza kuwasikia. Kushuka kwenye baiskeli si kazi, unashuka na unapanda. Vespa yetu ilikuwa na tabia yake. Ukiizima ikiwa ya moto, haikuwaka tena mpaka ipoe, na kupoa kwake kulikuwa kama kwa chungu cha ndizi, juu imepoa na ndani bado inatokota. Na kwa kuwa misiba ya miaka ile ilikuwa mingi kuliko harusi, naweza kusema bila kutia chumvi kwamba vespa ile ilikwenda zaidi kwa miguu yetu kuliko kwa petroli.

Yeye alianza kutamani injini wakati wa vita. Mwaka wa sabini na nane karakana yake ya useremala ilikuwa Buhembe, pale Bukoba, na mimi nilikuwa bibi harusi ambaye bado anaona haya kuonekana na mumewe sokoni. Majeshi ya Uganda yalipoingia na habari za kulipuliwa kwa daraja la Kyaka zikatufikia, tulifunga virago pamoja na mji mzima tukaelekea kusini. Mama mkwe wangu miguu haikumfaa. Tulimkalisha nyuma ya baiskeli, amekumbatia kuku wake aliyekataa katakata kumwacha, naye akatuamrisha njia nzima: huku kuna jiwe, huko kuna shimo, Bernadina sukuma, mbona husukumi? Mwanawe alisukuma mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kila lori la jeshi lililotupita alilitazama mpaka likapotea kwenye kona.

Tulipofika Kemondo akalala chali kwenye nyasi, akasema, "Siku nikikimbia tena, nitakimbia na mashine."

Vita vikaisha, sisi tukabaki kwao Muleba, na mama mkwe akafa kitandani mwake kwa uzee, kuku akiwa ametangulia zamani. Lakini neno lile la Kemondo halikufa. Kahawa ilipozaa vizuri mwaka wa themanini na tatu, mimi nilikuwa nimeshaiona ile fedha iko juu ya nyumba yetu, ikiwa mabati. Yeye alikuwa ameiona ina magurudumu. Aliponiambia, nilinyamaza kutwa nzima, na anayenijua anajua kwamba hiyo si kawaida yangu.

Alinichukua twende wote Bukoba nikaione. Omary, mfanyabiashara wa vipuri, aliitoa nyuma ya duka lake akaipangusa kiti kwa mkono wa shati lake mwenyewe.

"Mama, hiki ni chombo cha watu wazima. Unakaa upande, nguo yako haichafuki."

"Nguo yangu huchafuka nyumbani," nikamwambia, "paa linapovuja."

Omary alicheka mpaka akashika kifua. Projestus hakutusikia. Alikuwa anaizunguka vespa, akiigonga kwa kidole hapa na pale jinsi anavyogonga ubao kusikia kama umekauka. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu harusi yetu, nami nikajua mabati yangu yamekwenda.

Tulirudi nayo siku ileile. Kwetu mke hamshiki mumewe kiuno barabarani, tena mchana kweupe, watu watasema. Lakini tulipoteremka mteremko wa Kibeta nilimshika, kwanza kwa vidole, halafu kwa mikono yote miwili, maana bila hivyo ningeanguka na hakuna mtu angeweza kunilaumu. Upepo wa ziwa ulinipiga usoni. Mgongo wake ulinukia vumbi la mbao. Tulipofika Kemondo nilikuwa nimeshasamehe mabati, ingawa sikumwambia mpaka miaka mingi baadaye.

Kijijini walitupokea kwa utani. Pastory, mchuuzi wa samaki mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio katikati ya ziwa, alitoka barabarani kila alipotuona. "Fundi! Mbuzi wako huyo anakula nini?" Mbuzi alikula petroli iliyochanganywa na oili, na petroli ya miaka ile ilikuwa haba kuliko sukari. Projestus aliipata Kemondo kwa watu wa mashua za mizigo, akiwatengenezea viti na makasia. Aliiosha vespa kila Jumamosi ili twende misa ikiwa safi, na jioni akaifunika kwa gunia la kahawa, akiligandamiza pembeni kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Kisha ukaja ugonjwa. Mwanzoni tuliuita Juliana, jina la mashati ya magendo yaliyoletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa wa kwanza kukonda walikuwa vijana walioyavaa. Baadaye ulipata jina lake, na kujua jina lake hakukutusaidia. Karakana iliyokuwa inatoa vitanda na makabati ya maharusi ikawa inatoa majeneza. Projestus alikwenda mwenyewe kumpima maiti, akarudi, akaanza kupiga randa. Nilizoea kupika huku nikisikia randa ile, na sikuizoea kamwe.

Desturi nazo zikachoka. Zamani hakuna aliyeshika jembe kijijini mpaka siku za matanga ziishe, lakini ikafika mahali wazee wakakaa, wakakubaliana watu walime mara tu baada ya kuzika, la sivyo waliobaki wangekufa njaa. Wenye baiskeli nao wakaacha kushuka, wakawa wanapunguza mwendo tu na kuinamisha kichwa. Nilimwambia Projestus kwamba hata Mungu anaona jinsi mlima tunaosukumia vespa ulivyo mkali.

"Nimempima mtu kwa mikono yangu," akanijibu. "Nitampitaje na kelele?"

Nilimpenda sana kwa maneno yale. Miguu yangu ndiyo haikumpenda.

Mwaka wa themanini na nane nilikuwa mjamzito. Mimba mbili za kabla yake zilikuwa zimeharibika, na wanawake wenzangu kisimani walishaanza kuniangalia kwa ile huruma inayouma. Projestus hakuwahi kunisema. Alitengeneza kitanda kidogo, akakificha nyuma ya mbao zake, akidhani sikioni. Nilikuwa nakwenda kukigusa kila alipotoka. Nilimtaka mtoto yule kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na niliogopa kulisema hata katika sala.

Uchungu ulinianza kabla ya wakati wake. Kulipopambazuka, Clotilda, mkunga wetu, alinipapasa tumbo mara moja, akapapasa tena, kisha akaenda kunawa mikono kabla ya kusema.

"Mtoto amelala upande. Huyu hazaliwi hapa. Mpeleke misheni sasa hivi, Fundi, usingoje gari la mtu."

Gari lenyewe la kungoja halikuwepo. Nilipanda vespa kama wanavyopanda wanaume, mguu huku na mguu huku, na Clotilda akanifunga kwa kitenge kwenye mgongo wa mume wangu jinsi mtoto anavyofungwa. Tumbo langu likaegemea mgongo wake. Kila mara mtoto aliporuka, alitupiga sote wawili.

Njia ya kwenda hospitali ya misheni ilikuwa ile moja tu, ya kupanda mlima, na juu ya mlima ndipo palipokuwa kwa Klaudia, yule tuliyemwita Mama Buberwa. Alikuwa mjane, na Buberwa alikuwa mwanawe wa pekee. Kijana yule alikuwa amekufa juzi yake. Projestus alikuwa amepeleka jeneza jana yake jioni, na maziko yalikuwa mchana wa siku hiyo.

"Leo sizimi," aliniambia tulipoanza kupanda. "Buberwa atanisamehe."

Nikamwambia ndiyo, asizime. Vespa ilipanda ikilalamika. Niliuma kitambaa cha shati lake ili nisipige kelele. Nikaona migomba ya Mama Buberwa inakaribia, nikaona moshi, nikafumba macho. Halafu nikasikia kimya.

Mkono wake ulikuwa umezima injini. Miaka yote ile ulikuwa umezima mahali palepale, kwenye mgomba wa kwanza, na siku hiyo haukumngoja mwenyewe. Mimi nilijua kabla yake. Nilihisi mgongo wake unakuwa mgumu, na akasema jina langu tu, basi.

Alinifungua, akanishika nisianguke, akapiga kiki. Akapiga tena na tena. Chuma kiligonga chuma, na uwanjani vilio vikakatika. Watu wakaanza kusimama. Niliona aibu kubwa, na chini ya aibu kulikuwa na hofu iliyokuwa inaniambia kwamba mtoto huyu naye ananitoka, barabarani, mbele ya msiba wa watu.

Mama mfiwa hatoki uwanjani mwake kabla ya kuzika. Hilo hata mtoto analijua. Lakini Mama Buberwa alitoka. Alikuja peku, amejifunga kitenge kifuani, macho yamevimba, akapita katikati ya watu waliojaribu kumshika mkono, mpaka barabarani.

Projestus alivua kofia. "Tusamehe, Mama Buberwa. Mkono wangu..."

Hakumsikiliza. Aliweka kiganja kwenye tumbo langu akakiacha pale. Kiganja kilikuwa cha moto.

"Tangu lini?"

"Tangu usiku," nikasema.

Akageukia uwanja. "Nyie wanaume, mmekaa mnatazama nini? Njooni msukume."

Hakuna aliyesogea. Pastory, ambaye siku hiyo alikuwa miongoni mwa wabebaji wa jeneza, alisema kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo, "Mama, maiti bado iko ndani. Tutapigaje kelele?"

"Buberwa hasikii tena, Pastory. Huyu anaumia. Njooni, waitu, ndugu zangu, nawaomba."

Wakaja. Projestus akapanda, wakanifunga tena mgongoni mwake. Wale waliokuwa wamekaa kwa ajili ya kumbeba Buberwa karibu watunyanyue sisi na vespa yetu. Mama Buberwa mwenyewe aliinama akaweka mikono karibu na paja langu, na wote wakakimbia. "Gia ya pili!" Pastory akanguruma kwa sauti yake ileile ya ziwani. "Achia klachi, Fundi, achia!" Injini ikashtuka, ikazima, ikashtuka tena, ikashika. Moshi wa oili ukawafunika. Nyuma yangu mwanamke mmoja alijisahau akapiga kigelegele, kisha akakikata katikati.

Daktari alinipasua kabla ya adhuhuri. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo, mwenye hasira, na aliyemsikia akilia kwanza alikuwa Projestus, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala kwa dawa. Nilipoamka sista aliniambia mume wangu amekwenda kuzika. Vespa alikuwa ameiacha chini ya dirisha langu, akarudi msibani kwa miguu.

Mshono ulipopona tulirudi nyumbani, mimi nimekaa upande kama Omary alivyonifundisha, mtoto kifuani. Tulikuwa tumeshakubaliana jina hospitalini, bila hata kubishana. Tulisimama kwa Mama Buberwa. Alitutandikia mkeka, akatukaribisha kwa kahawa ya kutafuna, akampokea mtoto mapajani, akamwangalia vidole kimoja kimoja. Alikuwa amekonda, lakini alitabasamu mtoto alipopiga chafya.

Projestus alikohoa kidogo. "Mama, tumeona tumwite Buberwa."

Aliendelea kumtazama mtoto.

"Hapana, Fundi," akasema mwishowe, kwa upole. "Mkimwita jioni aje kula, na mimi nitageuka. Mtafutieni jina la kwake."

Akambusu, akanirudishia.

Tulianza kutafuta jioni ileile. Hatukujua kwamba itakuwa kazi. Nilitaja Datius, Projestus akasema huyo alimpima wakati wa mvua za masika. Akataja Byabato, nikamkumbuka mjane wake. Tulipitia majina ya babu zake na ya kwetu, ya watakatifu wa kalenda, ya watu tuliosoma nao, na kila mara mmoja wetu alinyamaza kwanza na mwingine akaelewa. Padre alituuliza kila Jumapili, tukamwambia bado.

Mwisho tulimwita Nathanieli, kwa kuwa kijijini kwetu hakukuwa na mtu wa jina hilo, aliye hai wala aliyekufa. Tulipolipata, mtoto alikuwa ameshajua kucheka.