Sakafu Chini ya Dirisha

LaVonne Haugen aliingia kwenye trela, kijumba cha kuvutwa na gari, amekumbatia sufuria la chuma, juu ya sufuria mitungi ya matango ya siki, na juu ya mitungi taulo alilolibana kwa kidevu. Mguu wake wa kulia ukatua kando ya kitanda, chini ya dirisha, kwenye kizulia chekundu. Sakafu ikabonyea kama mkate uliolowa chai. Halafu ikalia kwacha! na mguu ukazama mpaka ugokoni.

"Mama!" Britta, bintiye, aliruka kutoka kwenye jiko dogo, kijiko bado mkononi. "Umeumia?"

"Matango yamepona," alisema LaVonne. "Nivute kwanza, maswali baadaye."

Ilikuwa Alhamisi mchana. Jumamosi alfajiri Britta alikuwa aondoke na trela ile, aivute kwa pikapu ya baba yake mpaka kaskazini, kwenye mavuno ya viazi sukari, vile vinavyotengenezwa sukari. Watu huenda huko kila mwaka majani yanapoanza kugeuka rangi. Huegesha trela zao kwa mistari, hufanya kazi kwa zamu, hupika pamoja na kucheka pamoja, na Britta alikuwa akiisubiri safari hiyo tangu angali shuleni. Nafasi ya kuegesha, yenye maji na umeme, alishapewa. Sharti lilikuwa moja tu: awe amefika Jumamosi kabla jua halijazama. Akichelewa anapewa mwingine, na asiye na pa kuegesha hana kazi.

Ndiyo maana LaVonne hakuulilia mguu wake, ingawa ngozi ilikuwa imechunika. Alikuwa anatazama lile shimo.

Na kile kizulia chekundu alikitandika yeye mwenyewe. Tangu theluji ilipoyeyuka alikuwa akihisi pale mahali panalegea kisigino kikipita. Akasema moyoni, aa, trela ni kuukuu, ina haki ya kulegea. Akaleta kizulia, mambo yakapendeza. Wengi tunafanya hivyo. Sakafu ikitwambia kitu tunaifunika mdomo.

Duane, mumewe, alikuja akijifuta mikono kwenye suruali. Alichungulia shimoni, akapiga mluzi, akacheka.

"Basi hilo tu? Kipande cha plaiwudi juu, zulia jipya la plastiki juu yake, kesho asubuhi mwanangu unacheza dansi hapa."

"Kweli, baba?" Macho ya Britta yaliwaka.

"Mimi nimewahi kukudanganya?"

"Ulisema pikapu haili mafuta."

"Haili. Inakunywa."

Wakacheka wote watatu. LaVonne alitamani iwe hivyo, kipande juu na safari njema. Lakini mkono wake ulishachukua bisibisi kwenye ndoo ya vifaa. Akapiga magoti, akauchoma ubao palipoonekana pazima, hatua nzima kutoka kwenye shimo. Bisibisi ikazama mpaka mpini, bila sauti, kama imechomwa kwenye keki. Akachoma karibu na ukuta. Ikazama. Akachoma chini ya mguu wa kitanda. Ikazama.

"Duane," alisema taratibu. "Hicho kipande chako utakipigilia kwenye nini?"

Britta alikaa kitandani, kisha akakumbuka kitanda kimesimama juu ya nini, akanyanyuka haraka.

"Jumamosi, mama," alisema. "Jumamosi."

"Najua ni Jumamosi. Leo Alhamisi. Baba yako anao msumeno, mimi ninayo magoti. Lete mtaimbo."

Hapo ndipo nyumba nzima ilipochangamka. Kitanda kikafunguliwa, kikatolewa uani. Zulia la plastiki likachanwa, na chini yake ubao ulikuwa mweusi, unanuka kama stoo iliyofungwa msimu mzima. Duane alikata kwa msumeno wa umeme, Britta akang'oa kwa mtaimbo, na LaVonne akabeba vipande nje kwa ndoo, maana havikuwa mbao tena, vilikuwa matope yenye nyuzi. Chini ya mbao sufi ya kuzuia baridi ilikuwa imelowa tepetepe. Kila walipokata mbele kidogo Britta aliuliza, "Hapa pazima?" na LaVonne alichoma bisibisi na kusema, "Endelea." Waliendelea mpaka bisibisi ikagonga ko! na kugoma kuingia. Britta alishangilia kama timu yake imefunga bao.

Arlys, jirani yao, mjane mwenye sauti ya kengele, alitokea mlangoni na bakuli la viazi na nyama ya kuoka lililofunikwa kitambaa.

"Nilisikia kelele nikajua Duane anatengeneza kitu, kwa hiyo nimeleta chakula. Msiba ni msiba."

"Karibu uchekeshe wafu, Arlys," alisema Duane. "Mimi nashuka chini ya trela. Hii sufi imelowa kutoka wapi, ndiyo naitafuta."

Tumbo la trela lilikuwa limezungushiwa plastiki nyeusi, na Duane mwenyewe aliwahi kuzibandika nyufa zake zote ili panya wasipate njia. Alilala chali kwenye nyasi, akajisukuma ndani, wakamwona miguu tu.

"Imevimba hapa katikati," alisema kutoka chini. "Sijui ni nini. Ngoja nikate kidogo."

"Duane, usikate ukiwa chini ya..." LaVonne alianza.

Mwaaa! Maji ya mvua za miezi mizima yakamwagika yote juu ya kifua chake. Miguu ilipiga teke hewani. Alitoka anatapika maneno ambayo Arlys alisema hajayasikia tangu marehemu mumewe alipoacha kufuga nyuki. Britta alicheka mpaka akakaa chini. LaVonne naye alicheka, kisha akaitazama tena sakafu. Maji yote yale yalipita juu kwanza, palepale mwanawe alipotaka kulaza kichwa, peke yake, mbali, kwenye baridi.

Ijumaa asubuhi mambo yalikwenda mbio na yalikwenda vizuri. Duane alikata boriti mpya, akaziunganisha ubavuni mwa zile kuukuu palipokuwa bado pazima, gundi na skrubu. Britta alipima ubao mpya wa plaiwudi, akaukata mwenyewe, akauteremsha, nao ukakaa sawasawa, kama mfuniko kwenye chungu chake. Alisimama juu yake, akaruka. Trela ikatikisika, sakafu haikutikisika.

"Mnaona? Mnaona?" alipiga kelele. "Baba, gundi! Tufunge!"

Duane alishika gundi. LaVonne akaweka mkono juu ya mkono wake.

"Maji yaliingilia wapi?"

"Aa, LaVonne."

"Nakuuliza."

"Yaliingia, yametoka, mimi nimeyaoga. Juu nimeziba kila kitu. Mwaka jana majani yakipukutika nilizunguka trela nzima na bomba la silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa. Hakuna tundu hata la sisimizi!"

"Basi maji yanakuja kwa miguu, yanabisha hodi."

"Mama, tafadhali," Britta alisema. "Tukiacha sasa hivi hatutamaliza. Nitachelewa."

LaVonne alimtazama binti yake, nywele zimejaa vumbi la mbao, macho yamemtoka kwa hamu ya kuondoka. Ilikuwa rahisi sana kusema haya, fungeni. Hakuna mama asiyependa kumpa mwanawe anachokiomba kwa macho ya namna hiyo.

"Ubao ninautoa," alisema. "Arlys! Una mpira mrefu wa maji?"

Arlys alipanda ngazi na mpira kama askari wa zimamoto. Alimwagia paa mbele, katikati, nyuma. Ndani, LaVonne na Britta walikuwa wamelala kifudifudi, tochi mkononi, wakizitazama boriti mpya. Kavu. Arlys alimwagia kona. Kavu.

"Nilisema," Duane aliita kutoka nje, anajigamba. "Sisimizi hapiti!"

"Mwagia dirisha," alisema LaVonne.

Arlys akalipiga dirisha maji. Wakasubiri. Kisha Britta akamshika kiwiko, kucha zikamwingia.

"Mama. Pale."

Chini kabisa ya ukuta, mahali ukuta unapokutana na sakafu, kulikuwa na mng'ao. Tone. Likanenepa, likaanguka tu! kwenye boriti mpya. Likaja la pili. Halafu hayakuwa matone tena, yalikuwa uzi.

"Zima! Zima maji!" walipiga kelele pamoja.

LaVonne alitoka nje mbio, soksi zikilowa kwenye nyasi. Alilikagua dirisha pembe zote. Lilizibwa vizuri, silikoni nene imelizunguka kama sukari juu ya keki, hakuna ufa. Akazunguka upande wa pili wa trela, kwenye dirisha la mezani, ambalo sakafu yake haijawahi kubonyea. Akainama, akaigusa fremu. Kwenye ukingo wa chini vidole vyake vilikuta vijitundu viwili virefu, vyembamba, kama vimekatwa na mtengenezaji makusudi. Akarudi mbio kwenye dirisha la kwanza. Pale vijitundu vilipotakiwa kuwa kulikuwa na madonge mawili ya silikoni.

"Duane! Hapa uliziba nini?"

"Nyufa. Fremu ilikuwa na nyufa mbili, nikaziba. Upande huu ndio unaopigwa na mvua."

"Na kule kwingine?"

"Bomba liliisha."

"Ashukuriwe aliyelimaliza!" LaVonne alichomoa kisu mfukoni mwa mumewe. "Hizi si nyufa, Duane. Maji yakipenya kwenye raba ya kioo yanaingia ndani ya fremu, na hapa ndipo yanapotokea. Umeyafungia mlango, yakajaa, yakageukia ukutani."

Akachokonoa donge la kwanza. Lilipotoka tu, maji yaliyokuwa yamejificha ndani ya fremu yaliruka chiriri! yakamlowesha mkono mpaka kwenye kiwiko. Donge la pili nalo hivyohivyo. Arlys alipiga makofi juu ya ngazi mpaka ngazi ikayumba.

Wakamwagia tena dirisha, safari hii muda mrefu. Maji yalichuruzika nje, kwenye bati, mpaka kwenye nyasi. Ndani, Britta alilala na tochi akiita, "Kavu! Bado kavu! Mama, kavu kabisa!"

Duane alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

"Basi mimi ndiye niliyeiozesha sakafu," alisema.

"Wewe umeiozesha, mimi nimeifunika zulia," alijibu LaVonne. "Leta feni."

Walileta feni zao zote na ya Arlys. Lakini jioni LaVonne alipoweka kiganja kwenye boriti na kwenye kitako cha ukuta, bado palikuwa na ubaridi wa unyevu. Ubao ukifungwa na unyevu ule ndani, uozo unaanza upya, tena pasipo mtu kuona. Na safari ni alfajiri.

"Tufunge tu," alisema Duane kwa sauti ndogo. "Asikose nafasi kwa ajili yangu."

LaVonne alifungua mdomo kusema Britta abaki, asiende, mwaka ujao upo. Maneno yalikuwa ulimini. Britta akamtangulia.

"Hatufungi," alisema. "Mnapenda kulia nyie! Naenda na sakafu haijafungwa. Ubao tunaushika kwa skrubu kwenye kona tu, bila gundi. Nikifika naufungua, nawasha feni na hita, mavuno yenyewe bado hayajaanza. Ikikauka nafunga mwenyewe. Mmenionyesha kila kitu."

"Utajuaje imekauka?" aliuliza LaVonne.

"Kiganja. Halafu bisibisi."

"Kitanda?"

"Nalala kwenye benchi la mezani, upande ambao baba aliishiwa bomba."

Hata Duane alicheka. Alfajiri pikapu iliondoka na trela nyuma yake, gundi, skrubu na zulia jipya vimefungwa kamba juu ya benchi, na Britta akipiga honi mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaamka. LaVonne alipunga mkono muda mrefu kuliko barabara ilivyoonekana.

Britta alifika kabla ya jua kuzama. Siku zilizofuata simu ilikuwa ya maneno mafupi: bado pana unyevu, leo afadhali, bisibisi imegoma kuingia, mama, imegoma! Kisha, jioni moja LaVonne akimenya viazi, ikalia, na kabla hajasema lolote akasikia puu! puu! puu!

"Unasikia? Naruka! Nimefunga, gundi, skrubu, zulia, yote. Watu wa trela za jirani wamekuja kuona. Mmoja yake inabonyea mlangoni, alikuwa amenunua zulia. Nimemwambia weka chini hilo zulia."

"Subiri," alisema LaVonne, kisu cha kumenyea kimesimama. Nyuma ya sauti ya bintiye kulikuwa na sauti nyingine, kama mchanga unamwagwa kwenye bati. "Hiyo ni nini?"

"Mvua. Imeanza mchana. Kubwa kweli."

"Upande gani?"

"Upande wa dirisha, mama."

LaVonne alimwita Duane kwa mkono. Wakaegemeza masikio kwenye simu moja, vichwa vimegusana. Walisikia Britta akipiga magoti, akifungua droo, akiwasha tochi. Walisikia mvua.

"Nimeweka kiganja kwenye kona," alisema Britta. "Ukutani pia. Pakavu. Na kwa nje, nikimulika kupitia kioo, nayaona maji yanatoka kwenye vile vijitundu, yanachuruzika vizuri."

Duane alikaa kwenye kiti kama mtu aliyetuliwa mzigo. LaVonne alifuta macho kwa mkono wenye maganda ya viazi.

"Vizuri, mwanangu," alisema. "Choma na bisibisi pia."

"Mama! Zulia ni jipya!"

"Basi kanyaga kwa kisigino. Pole pole, kona hadi kona. Mimi nasikiliza."