Kete Zilizoanguka Sawa Mara Thelathini

Damiano alipoweka grafu yake mezani kwangu Jumatatu asubuhi, nilijua papo hapo kuna jambo. Mstari ulikuwa umenyooka mno. Mtandao wa kweli hauna adabu hiyo, na ule wa kuigiza kwa programu ya kompyuta, ambao tunautunza hapa chuoni Padova tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, hauna pia.

"Umeliendesha jaribio mara ngapi?" nikamuuliza.

"Thelathini, Mwalimu. Kama ulivyosema."

"Hebu nione matokeo yote."

Yalifanana mpaka tarakimu ya mwisho. Programu yetu hurusha kete kuamua ujumbe upi ufike na upi upotee hewani, na kete hizo huanzia kwenye namba tunayoiita mbegu. Ukirudia mbegu ileile, kete zinaanguka vilevile. Kijana wa watu alikuwa ameendesha jaribio moja mara thelathini, kisha akaniletea wastani.

Nikampa vidonge vyake. Nilimwambia hata wa mwaka wa kwanza hafanyi upuuzi huo, na mengine ambayo leo nayaonea haya. Alikuwa anatetea tasnifu yake Ijumaa, na taji la majani la wahitimu lilikuwa limeshaagizwa.

"Bila matokeo ya kweli sikupitishi," nikasema. "Utalivaa mwezi wa saba."

"Bibi yangu anashuka na treni kutoka Belluno," akasema taratibu. "Ana miaka tisini na mmoja, Mwalimu. Mwezi wa saba kwake ni mbali."

Roho iliniuma, lakini mimi nikishasema nimesema. "Huu mstari wa mbegu umeutoa wapi?"

"Kwenye mfano uliokuja na programu. Niliunakili kama ulivyo."

Nikaufungua mfano wenyewe. Kweli, mbegu ilikuwa imewekwa mahali ambapo kila duru inarudi palepale mwanzo. Na juu kabisa, jina la mwandishi: Fosca Bressan. Ndiye mimi. Miaka kumi na minne mfano ule uko pale, watu wa dunia nzima wanaunakili, halafu mimi ndiye ninayefokea watoto wa wenzangu.

"Kosa ni langu, Damiano."

Akatazama sakafu, anauma midomo.

"Cheka tu, usije ukapasuka," nikamwambia. Akacheka mpaka nami nikacheka.

Lakini maji yalikuwa shingoni. Kila jaribio lilitaka muda wa saa tisa, kwa hiyo majaribio thelathini kwenye kompyuta yake yangekula siku kumi na moja. Nikaandika barua kwa watunzaji wote wa programu, popote walipo, nikakiri kosa langu waziwazi na kuomba mashine. Kufikia mchana wenzetu wa Trondheim walikuwa wametuazima nne na wa Bengaluru sita. Mzee mmoja wa Porto alitoa mbili, akaongeza kwamba naye aliunakili mfano wangu na sasa ana makala ya kusahihisha, ahsante sana.

Jumatano mchana matokeo yakatimia. Safari hii mistari ilikuwa inayumba, na nilifurahi kuiona. Mbinu ya Damiano, ambayo mwanzo ilionekana kuokoa nusu ya ujumbe unaopotea, sasa iliokoa sehemu moja tu kati ya tano.

"Imekuwa kidogo," akasema.

"Lakini ni ya kweli, nami nitasimama mbele ya jopo la watahini na kuitetea."

Kwetu hakuna anayeingiza badiliko kwenye programu bila mwenzake kulisoma na kulikubali, hata awe nani. Alhamisi nikaurekebisha mfano wangu, nikamtumia Damiano aukague. Baada ya dakika kumi ukarudi: "Haujakubaliwa. Mtu akirudia mbegu, programu imnyamazie tu? Weka onyo." Nilinuna kidogo, kisha nikaweka onyo. Ijumaa asubuhi, saa moja kabla ya kuingia kwa jopo, akaukubali.

Alipita vizuri. Nje uani, taji limemwangukia masikioni, akanivuta mpaka kwa bibi yake, kikongwe mdogo mwenye macho makali.

"Na huyu mama ni nani?" bibi akauliza.

"Mwanafunzi wangu, bibi," akajibu Damiano. "Leo asubuhi nimeipitisha kazi yake."

Bibi akaniangalia toka juu hadi chini, mvi zangu na yote.

"Anajitahidi?"

"Anajitahidi," akasema Damiano.